Bluu ya spirulina kumbe ni protini, na hapo ndo utamu na ugumu wake wote ulipo

Unga wa spirulina (mwani mdogo unaouzwa kama kirutubisho) ukiutazama unaona kijani tu, kijani kizito kinachokaribia weusi, hakuna hata dalili ya bluu. Sasa chukua kijiko kimoja tia kwenye glasi ya maji ya baridi (ya moto usithubutu, sababu inakuja), koroga, weka kwenye friji mpaka kesho yake. Utakuta tope la kijani limetulia chini na maji ya juu yamekuwa bluu, bluu kweli kweli. Yachuje kwa karatasi ya kuchujia kahawa, zima taa za chumba, halafu mulika glasi kwa tochi nyeupe. Ukiitazama glasi huku tochi iko nyuma yake maji ni bluu, ila ukihamia upande, pale mwanga unapoingilia, maji hayo hayo yanatoa wekundu wa damu ya mzee.

Hiyo ndo fikosayanini. Ni rangi ya bluu maarufu kuliko zote zinazotoka kwenye mwani, ipo kwenye pipi, kwenye aiskrimu, kwenye vipodozi, dada zake wapo maabara za hospitali, na hata setilaiti zinaitafuta kwenye maji ya ziwani. Lakini watu wengi wanaoitumia hawajui ni kitu gani hasa, wanadhani ni wino kama wino mwingine, matokeo yake wanaimwaga kwenye uji wa moto halafu wanashangaa rangi imekwenda wapi.

Kwanza tuelewane kwa nini bluu ni adimu. Viumbe wengi unaowaona wana bluu hawana rangi ya bluu mwilini kabisa, kipepeo wa Morpho na manyoya ya tausi bluu yao inatokana na vimuundo vidogo sana vinavyotawanya mwanga, ukisaga ile bawa unabaki na unga wa kahawia. Ili kitu kiwe bluu kwa rangi yake chenyewe lazima kimeze mwanga mwekundu na wa chungwa kikuachie bluu, na mwanga mwekundu una nguvu ndogo, kwa hiyo molekuli inayotaka kuumeza inabidi iwe na mnyororo mrefu wa atomu ambamo elektroni zinatembea kwa uhuru kuliko kawaida. Kuunda mnyororo wa namna hiyo na ukadumu sio kazi ndogo. Njano na nyekundu mimea inazitoa kila mahali, bluu ni wachache wanaoimudu.

Mmoja wa hao wachache ni sayanobakteria, wale tuliozoea kuwaita mwani wa bluu-kijani. Kisayansi ni bakteria, sio mwani halisi, ila wanafanya usanisinuru kama mimea na wameishi majini kabla ya mimea haijakuwepo, na jina la mwani limeshawaganda. Spirulina inayouzwa ni mmoja wao, wanasayansi walimzoea kwa jina Arthrospira platensis. Mwani mwekundu nao wanayo fikosayanini japo mara nyingi inafunikwa na wekundu wao.

Sasa wanaihitaji ya nini? Klorofili, ile rangi ya kijani inayofanya usanisinuru, inameza vizuri mwanga wa bluu na mwekundu, lakini katikati kuna pengo kubwa, mwanga wa kijani, njano na chungwa unapita bure. Ukiwa jani juu ya mti juani sio shida sana, ila ukiwa kiumbe wa majini, umezibwa na wenzako na mwanga unaokufikia ni wa kuokoteza, lile pengo ni hasara. Fikosayanini inaziba hapo hapo, inameza mwanga wa wimbi la nanomita 620 hivi, yaani chungwa. Ina dada zake wawili: fikoerithrini ambayo ni nyekundu na inameza kijani, na alofikosayanini ambayo nayo ni bluu ila inameza mbele kidogo, kwenye nanomita 650.

Hizi tatu hazielei ovyo ndani ya seli. Zimepangwa kwenye mtambo unaoitwa fikobilisomu, ambao Elisabeth Gantt na mwenzake Conti waliuelezea mwaka 1966 baada ya kuuona kwa hadubini ya elektroni kwenye mwani mwekundu. Nje kabisa inakaa fikoerithrini (kwa wale walio nayo), inafuata fikosayanini, ndani kabisa alofikosayanini, halafu klorofili. Ni kama watu waliojipanga mstari wanapokezana ndoo ya maji, kila mmoja amesimama chini kidogo ya mwenzake ili ndoo isirudi nyuma, na maji yanayomwagika njiani ni kidogo mno, zaidi ya asilimia 95 ya nishati inafika.

Na hapa ndo unaelewa ule wekundu wa kwenye glasi. Fikosayanini ikiwa ndani ya seli ina wa kumkabidhi nishati. Ukiitoa ukaiweka kwenye maji peke yake, inameza mwanga kama kawaida lakini hakuna wa kumpa, basi inautema tena kama mwanga mwekundu, kwenye nanomita 640 na kitu. Shikilia hilo maana nusu ya matumizi yake yanatokana na kutema huko.

Kuna mengine mawili kuhusu hawa viumbe ambayo mi nayaona mazuri mno kuyaacha. Mwaka 1902 Mrusi anaitwa Gaidukov, akifanya kazi na mwanasayansi Mjerumani Engelmann, alionyesha kwamba baadhi ya sayanobakteria wanabadilika rangi kufuata mwanga waliopewa, ukiwamulika kijani wanatengeneza rangi nyekundu zaidi, ukiwamulika nyekundu wanageuka bluu-kijani, yaani wanajenga chombo kulingana na mwanga uliopo. La pili, kwenye seli hizi protini za rangi zinaweza kufika karibu nusu ya protini yote inayoyeyuka kwenye maji, kwa hiyo ni ghala pia. Nitrojeni ikiisha kwenye maji kiumbe anaanza kula rangi yake mwenyewe, anavunja fikobilisomu anatumia nitrojeni yake kuishi, na bwawa zima linapauka kutoka bluu-kijani kwenda njano. Mfugaji wa spirulina akiona bwawa linageuka njano anajua mbolea imeisha, na bluu aliyotegemea kuuza imeshaliwa.

Twende kwenye molekuli yenyewe sasa, maana ndo fundo lenyewe. Kinachomeza mwanga ni kipande kidogo kinaitwa fikosayanobilini. Kipande hiki ni ndugu wa rangi za nyongo kwenye mwili wako, kinaanzia kwenye hemu, ile ile inayobeba oksijeni kwenye damu. Enzimu inakata pete ya hemu inafunguka kuwa mnyororo, inapatikana biliverdini (ule ukijani unaouona mahali ulipogongwa pakavilia damu ni hiyo), kisha inafanyiwa marekebisho kidogo inakuwa fikosayanobilini. Halafu inafungwa kwenye protini kwa kifungo imara cha kikemia. Protini hizo ni mbili, alfa na beta, alfa inabeba kipande kimoja, beta viwili. Jozi tatu zinakaa pamoja zinafanya pete, pete mbili zinabebana.

Mwaka 1985 Robert Huber na wenzake huko Ujerumani walichapisha umbo la fikosayanini lililopatikana kwa miali ya eksirei, na kitu kilichoonekana ni kwamba ile fikosayanobilini ndani ya protini imenyooshwa, imeshikwa pande zote isijikunje. Ikinyooshwa hivyo ndo inameza chungwa kwa nguvu na sisi tunaona bluu iliyokolea. Ukiiachia, ukaitoa kwenye mshiko wa protini, inajikunja kuelekea umbo la pete, na uwezo wake wa kumeza chungwa unaporomoka, bluu inapauka.

Kwa hiyo bluu hii ni kazi ya watu wawili, kipande na protini inayokishika, na ukiharibu protini umeharibu rangi hata kama kile kipande bado kipo. Ukilielewa hilo huna haja ya kukariri masharti ya matumizi, unayajua mwenyewe.

Chukua joto. Protini zinafumuka kwa joto, na fikosayanini ya spirulina inaanza kuyumba ukishavuka nyuzi joto 45 au 50 hivi, ukifika 60 na kuendelea inapotea haraka. Ndo maana glasi yetu ilitaka maji ya baridi. Chukua asidi: inapenda pH (kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi inapanda) ya 5.5 mpaka 6, ukishuka kuelekea 4 protini zinaanza kushikamana na kuganda, maji yanakuwa na mawingu na rangi inakaa chini. Kinywaji cha limau kiko chini ya hapo kabisa, kwa hiyo bluu ya spirulina kwenye soda ni shughuli pevu. Mwanga nao unaila polepole, chupa inayopitisha mwanga ikikaa dirishani inapauka. Na kwa kuwa ni protini, bakteria nao wanaiona kama chakula. Kinachoisaidia ni sukari nyingi, maana sukari inaizunguka protini na kuipunguzia uhuru wa kufumuka, pia ukavu na ubaridi. Sasa ukichanganya hayo yote, sukari nyingi, ukavu, ubaridi, asidi kidogo, jibu linakuja lenyewe: pipi, chingamu, aiskrimu, krimu ya kupamba keki. Huko ndo iliko kweli, na hao watengenezaji hawakufika huko kwa kubahatisha.

Mfano unaojulikana ni Smarties za Nestlé kule Uingereza. Mwaka 2006 waliondoa rangi za kutengenezwa na kwa sababu hawakuwa na bluu ya asili ya kuaminika, Smarties ya bluu ikatoweka kabisa kwenye boksi. Ikarudi 2008, safari hii rangi yake ikitoka kwenye spirulina. Marekani, mamlaka ya chakula na dawa FDA iliruhusu rangi ya spirulina mwaka 2013 kwa pipi na chingamu baada ya maombi ya kampuni ya Mars, mwaka uliofuata ikapanua ruhusa kwenda vyakula vingine kama aiskrimu na yogati. Ulaya wao wanaichukulia kama chakula chenye rangi, kwa hiyo hutaona namba ya E kwenye lebo, utasoma tu kwamba kuna spirulina. Ile bluu ya kutengenezwa inayotumika sana, Brilliant Blue, yenyewe ni E133, inatokana na petroliamu, na kusema ukweli kwa ugumu haina mpinzani, ipike, itie asidi, ianike, iko pale pale. Anayekwambia za asili zimeshaishinda kwa kila kitu anakudanganya, zimeishinda kwenye mapenzi ya wateja ila kwenye sufuria bado.

Ndo maana watu wanamshabikia sana kiumbe mwingine anaitwa Galdieria sulphuraria. Huyu ni mwani mwekundu kwa ukoo japo ukimuona ni bluu-kijani, anaishi kwenye chemchemi za volkano zenye asidi kali na joto linalozidi nyuzi 50, mahali ambapo viumbe wengi hawana nafasi. Fikosayanini yake imezoea shida kwa hiyo inavumilia joto na asidi kuliko ya spirulina. Zaidi ya hapo anaweza kukua gizani akilishwa sukari, kwa hiyo anafugwa kwenye matangi yaliyofungwa kama hamira, hakuna habari ya kusubiri jua wala vumbi la bwawa la wazi. Mwezi Mei 2025 FDA iliidhinisha bluu ya Galdieria, maombi yalipelekwa na kampuni ya Kifaransa Fermentalg, na orodha ya matumizi ikajumuisha vinywaji vya matunda, kitu ambacho kwa spirulina kilikuwa kinasumbua. Kwa mtazamo wangu hii ndo hatua kubwa zaidi kwenye bluu ya asili kwa miaka mingi, maana badala ya kuibembeleza protini dhaifu wameenda kutafuta protini iliyokulia kwenye mateso.

Kuitoa rangi kiwandani hakutofautiani sana na ile glasi ya friji. Seli inapasuliwa, mara nyingi kwa kugandishwa na kuyeyushwa, protini inatoka kwenye maji yenye pH karibu na 7, mabaki yanachujwa, klorofili inabaki na mabaki kwa sababu haiyeyuki kwenye maji, halafu inakaushwa. Usafi unapimwa kwa uwiano: mwanga unaomezwa kwenye nanomita 620 (hiyo ndo bluu) ugawe kwa unaomezwa kwenye 280 (hizo ni protini zote kwa jumla). Ukipata 0.7 ni daraja la chakula, 3.9 ni la maabara, zaidi ya 4 ni la uchambuzi wa hali ya juu. Kupanda kutoka 0.7 mpaka 4 kunahitaji hatua nyingi za kusafisha na kila hatua inakula sehemu ya rangi, kwa hiyo bei nayo inapaa vibaya. Anayekuuzia kwa mafungu makubwa muulize uwiano huo, akikosa jibu jiulize mwenyewe.

Hilo daraja la juu linaenda wapi? Maabara. Mwaka 1982 Vernon Oi, Alexander Glazer na Lubert Stryer walionyesha kwamba protini hizi za mwani ukizifunga kwenye kingamwili zinakuwa alama bora za kung'aa. Ile tabia ya kutema mwanga ndo inayotakiwa: kingamwili inashika aina fulani ya seli, protini ya mwani iliyofungwa juu yake inang'aa ikipigwa leza, mashine inahesabu seli moja moja zikipita kwenye mrija mwembamba. Alofikosayanini inafaa sana hapo kwa sababu inameza kwenye 650 na kutema kwenye 660, eneo ambalo seli zenyewe haziletei kelele nyingi. Dada yake mwekundu fikoerithrini naye amefanya kazi kubwa kwenye mashine za kuhesabu seli za kinga za CD4 kwa watu wenye virusi vya UKIMWI, mamilioni ya vipimo, na wengi waliopimwa hawakujua kwamba aliyemulika pale ni rangi ya mwani.

Tabia hiyo hiyo inatumika kwenye maji. Sayanobakteria wengine wanatoa sumu, na wakizaliana ghafla ziwani ni hatari kwa watu na mifugo. Mwani wa kijani wa kawaida hana fikosayanini, kwa hiyo ukitumbukiza sensa inayomulika chungwa na kusikiliza wekundu unaorudi, unajua ni sayanobakteria kiasi gani wapo bila kusubiri hadubini. Setilaiti za Ulaya za Sentinel-3 zina mkanda wa nanomita 620 unaosaidia kuona hilo kutoka juu. Ila rangi sio sumu, sensa inakwambia wahusika wapo, kama wametoa sumu au la lazima maji yapimwe.

Kuna bluu nyingine ambayo haina undugu na fikosayanini, nayo ina makao yake: Marennes-Oléron, pwani ya magharibi ya Ufaransa. Huko chaza wanawekwa kwenye vidimbwi vya maji ya chumvi kabla ya kuuzwa na matamvua yao yanageuka kijani, na chaza wa kijani wanathaminiwa kuliko wa kawaida. Anayefanya hivyo ni daiatomu (mwani wa seli moja) mmoja, Haslea ostrearia, kijiumbe chembamba chenye ncha mbili, na bluu inajikusanya kwenye zile ncha kabla ya kutolewa majini. Mwanazuolojia Mwingereza Lankester aliipa rangi hiyo jina la marenini mwaka 1886. Hii sio protini, inayeyuka kwenye maji na kwenye majaribio ya maabara imeonyesha kuzuia baadhi ya bakteria. Kwa muda mrefu watu waliamini ni daiatomu huyo peke yake duniani mwenye bluu, lakini tangu 2012 wameongezeka ndugu zake kutoka Bahari Nyeusi mpaka Indonesia.

Kuhusu afya nitasema kidogo tu. Fikosayanini kwenye seli za maabara na kwa panya imeonyesha kupunguza uvimbe na kuzima kemikali zinazochokoza seli, hilo ni kweli, lakini kutoka hapo mpaka kusema inatibu saratani au kisukari ni safari ambayo haijatembewa, na wanaouza vidonge kwa ahadi hizo wanawakosea wagonjwa. Mwenye PKU (ugonjwa wa kurithi ambao mwili hauwezi kuvunja fenilalanini) aikwepe spirulina nzima kwa sababu ina fenilalanini. Na mwani wa bluu-kijani unaovunwa ziwani badala ya kufugwa unaweza kuchanganyikana na wale wenye sumu ya ini, nunua uliopimwa.

Mwisho, kama umenunua unga wa bluu ulioandikwa spirulina na huuamini, yeyusha kidogo kwenye maji ugawe vikombe viwili. Kimoja kichemshe dakika kadhaa, kingine kamulia limau uache kitulie. Fikosayanini ya spirulina kwenye moto itapauka, kwenye limau itafanya mawingu na kushuka chini. Ikigeuka zambarau au waridi kwa limau, umeuziwa maua ya mmea wa klitoria (butterfly pea). Ikitoka kwenye moto na kwenye limau vilevile ilivyoingia, bluu safi, basi hiyo sio spirulina, mrudishie aliyekuuzia.